Fundisha Kwanza, Ndipo Utamjua

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliposema elimu ya lazima itakuwa ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, mazungumzo ya shule hapa Babati yamebadilika. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024, na watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo ndio watakaomaliza shule ya msingi mwaka 2027 wakiwa darasa la sita, sambamba na wenzao wa darasa la saba. Makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Watu wanauliza vyumba vya madarasa vitatoka wapi, madawati yatatoka wapi, walimu watatoka wapi. Wana haki ya kuuliza. Lakini liko swali jingine, linaloulizwa kwa sauti ya chini na wazazi na walimu wa madarasa ya awali: mtoto ambaye hajui kusoma hadi leo, ambaye zamani mchujo wa darasa la saba ungemrudisha nyumbani, atakaa miaka kumi darasani akifanya nini? Swali hilo limenirudisha kwenye miongo ya shule za mji huu niliyoijua kama mwanafunzi, kisha kama mzazi na jirani wa walimu. Katika miongo yote hiyo mtoto mwenye ulemavu mahususi wa kujifunza alikuwepo, na kila zama ilikuwa na namna yake ya kumficha. Nikizipanga zama hizo moja baada ya nyingine napata fundisho moja: mtoto huyu hatambuliwi kwa mtihani, wala kwa kipimo cha hospitali, kabla ya kufundishwa vizuri. Pale ambapo wengi hawajafundishwa, yeye haonekani.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Si mtoto mwenye ulemavu wa akili, si asiyeona wala asiyesikia, si aliyekosa shule. Ni mtoto anayeelewa hadithi akisimuliwa, anayejua kurudisha chenji dukani, anayecheza na kubishana kama wenzake, lakini maandishi yanamshinda kwa namna ambayo juhudi yake haiielezi. Kwa kusoma hali hiyo huitwa disleksia, kwa hesabu diskalkulia, kwa kuandika disgrafia. Si ugonjwa wa juzi. Mwaka 1896 daktari W. Pringle Morgan wa Seaford, Uingereza, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyeshindwa kusoma ingawa mwalimu wake aliamini angekuwa kinara wa shule kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo. Mwaka 1963 Samuel Kirk, akizungumza na wazazi waliokutana Chicago, aliupa ulemavu huu jina la jumla lililoenea duniani. Toleo la tano la mwongozo wa wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani, lililotoka mwaka 2013, linakadiria kuwa hali hizi huwapata watoto 5 hadi 15 katika kila 100 wa umri wa shule, katika lugha na tamaduni mbalimbali. Mwongozo huo huo unaweka sharti ambalo ni kiini cha hoja yangu: ugumu wa mtoto uwe umedumu miezi sita au zaidi hata baada ya kupewa msaada uliolenga ugumu huo. Maana yake ni kwamba aliyemsaidia mtoto ndiye pekee anayeweza kusema ana ulemavu huu. Asiyemsaidia hana la kusema.

Kizazi changu kilisoma katika upepo wa Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana huko, iliamua elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977 badala ya 1989. Babati ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha, na vijijini kote, kutoka Bonga hadi Magugu, madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi. Walimu walitafutwa popote walipopatikana, wakiwemo vijana waliomaliza darasa la saba na kufunzwa kazi huku wakiifanya. Ndio waliokuja kuitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Sitaki kuidharau kazi yao. Taifa lilipanda ngazi ya kujua kusoma na kuandika kwa kasi ambayo nchi chache za Afrika ziliifikia. Lakini ufundishaji wa darasa lililojaa ulikuwa wa kuitikia. Mwalimu anasoma ubaoni, darasa zima linarudia. Ukurasa unaimbwa hadi unakaa kichwani. Katika itikio hilo mtoto asiyeweza kusoma hana kosa linalosikika, na mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kuusema ukurasa mzima bila kuitambua herufi hata moja. Fundisho la zama hizo ni kwamba sauti ya wengi ni maficho. Kama hakuna wakati ambapo mtoto mmoja anasoma peke yake maandishi asiyoyajua, mbele ya mtu mzima anayemsikiliza, hakuna utambuzi utakaofanyika, hata kama shule ingekuwa na mtaalamu.

Pale mtoto alipofichuka, kwa kawaida saa ya imla, maelezo yalikuwa tayari: mvivu, mtoro wa akili, mzito. Wazee wetu walituambia akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini darasani nywele zilitakiwa zifanane. Aliyekosa maneno mengi alichapwa, akahamishiwa nyuma, na taratibu akapewa kazi ambazo hazikuhitaji daftari: kuchota maji, kufagia ofisi, kutunza bustani ya shule. Wengine walizifanya kwa ustadi hata shule ikawategemea, na hakuna aliyeuliza imekuwaje mtu mwenye ustadi huo ashindwe na silabi. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zimeweka kikomo cha viboko vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule; hilo linahusu adhabu. Mimi nazungumzia fikra iliyokuwa nyuma ya adhabu. Neno «mvivu» lina ubaya mmoja ambao hautajwi: linafunga uchunguzi. Ukishasema mtoto ni mvivu umeshapata sababu, na mwenye sababu hatafuti nyingine. Zaidi ya hayo, linajithibitisha lenyewe. Mtoto anayeadhibiwa kwa jambo asiloliweza ataacha kujaribu, na akiacha kujaribu mwalimu ataona uvivu wenyewe, mkavu, kama alivyotabiri. Utambuzi wowote wa maana sharti umkute mtoto kabla hajafika hapo, yaani ndani ya miaka miwili ya kwanza ya shule.

Zama zilizofuata zilianza na karne hii. Ada ya shule za msingi ilifutwa, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza mwaka 2002, na mwaka huo huo Mkoa wa Manyara ukazaliwa, makao yake yakiwa hapa Babati. Watoto walijaa upya, na waliopitwa na umri wakapata mlango wao, MEMKWA. Ndipo pia masuala ya ulemavu yalipopata sauti kubwa zaidi: Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikapitishwa mwaka 2010. Baadhi ya shule za msingi zilikuwa na «kitengo», chumba cha watoto wenye mahitaji maalumu na mwalimu wao. Ilikuwa hatua kubwa kwa watoto ambao awali walifichwa majumbani. Lakini waliofika kwenye kitengo walikuwa wale ambao ulemavu wao unaonekana kwa macho: wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa akili au wa viungo. Kenya ilipita njia hiyo mapema, ilipoanzisha vituo vya upimaji mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Navyo pia vilitegemea mzazi au mwalimu ambaye tayari ameshuku kitu akamleta mtoto. Mtoto wa disleksia hana fimbo nyeupe wala kifaa cha usikivu. Hakuna anayemshuku isipokuwa aliyejaribu kumfundisha kusoma akaona jinsi anavyokwama. Kituo kina kazi yake, ila ni cha pili katika mstari. Wa kwanza ni mwalimu wa darasa la kwanza.

Kisha taifa lilijitazama kwenye kioo. Mwaka 2010 tathmini ya Uwezo, iliyopita nyumba kwa nyumba badala ya shule kwa shule, ilionyesha kuwa kati ya watoto kumi wa darasa la tatu ni watatu hivi tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Miaka miwili baadaye ikabainika kwamba maelfu ya wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Watu walishangaa wamefaulu vipi. Mwaka huo huo wa 2012 mtihani wa darasa la saba ukawa wa kuchagua majibu tu, hadi Hisabati, ili usahihishwe kwa mashine. Ulikuwa uamuzi wa gharama na kasi, na nauelewa. Lakini kuweka kivuli kwenye kiduara hakuthibitishi kwamba mtu amesoma swali. Funzo nililolipata katika kelele za miaka ile lilikuwa tofauti na lililoandikwa magazetini. Watoto saba kati ya kumi wakishindwa kusoma, hao saba hawawezi wote kuwa na ulemavu. Wengi wao hawajafundishwa. Lakini ndani yao wamo wachache ambao hata wangefundishwa kwa njia ya kawaida wangeshindwa, na hakuna mtihani duniani unaoweza kuwatenga na wenzao, kwa sababu matokeo yao yote ni yale yale. Mtihani unakuambia nani ameanguka. Haukuambii kwa nini.

Ndiyo maana nazichukulia zama za KKK kuwa za maana kuliko zinavyosifiwa. Kuanzia mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguzwa masomo na kujengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Walimu wa madarasa hayo walipewa mafunzo ya kufundisha sauti za herufi kabla ya majina yake, na upimaji wa darasa la pili ukaanza kumsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma. Mwaka 2016 elimu bila malipo ilijaza tena madarasa na kuirudisha nyuma sehemu ya faida hiyo. Hata hivyo jambo moja lilikuwa limebadilika. Katika darasa ambalo wengi wanavuka, anayebaki anaonekana. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa Babati aliweza kusema: huyu amehudhuria, amefundishwa sauti kama wenzake, wenzake wanasoma sentensi, yeye bado anahangaika na «ba, be, bi». Sentensi hiyo ni mwanzo wa utambuzi. Haihitaji daktari kutamkwa, ila inahitaji kila kipande chake kiwe kweli.

Hapa kwetu kipande kimoja ni kigumu kuliko kwingine, nacho ni lugha. Babati ni njia panda ya barabara ya Arusha, Dodoma na Singida, na ni njia panda ya familia za lugha pia. Wairaqw na Wagorowa wanasema lugha za Kikushi, Wabarbaig ya Kiniloti, Warangi na Wambugwe za Kibantu. Mtoto wa mjini anaweza kuanza shule akiwa na Kiswahili. Wa vijiji vya pembeni anakutana nacho kama lugha ya pili. Kiiraqw hakina sauti za v na z katika maneno yake ya asili, kwa hiyo mtoto anayeandika «fitabu» na «sawadi» anaandika alichosikia kwa uaminifu kabisa. Kirangi kina irabu saba ambapo Kiswahili kina tano, na mtoto anayekizungumza anaweza kusitasita kati ya i na e. Mwalimu mgeni akiyahesabu makosa haya kuwa dalili, atawapa ulemavu watoto wasio nao. Kinyume chake nacho ni hatari vilevile, na hutokea mara nyingi zaidi: kila anayeshindwa anaambiwa ni lugha ya nyumbani, ataizoea tu. Tofauti ipo, na mwalimu makini anaweza kuiona. Kosa la lugha lina utaratibu: v inakuwa f leo na kesho, na wenzake wa kijiji kimoja wanalifanya pia. Kosa la disleksia linayumba: neno moja limeandikwa kwa namna tatu kwenye ukurasa mmoja, silabi imerukwa, herufi zimebadilishana nafasi. Na zaidi, mtoto wa lugha ya pili hubadilika kadiri Kiswahili chake kinavyokua. Mwenye disleksia Kiswahili chake cha mdomo kinakua, kusoma kunabaki palepale.

Kiswahili chenyewe kina namna yake ya kumficha mtoto huyu. Tahajia yetu ni nyoofu: herufi na sauti vinaambatana karibu kila mahali. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walilinganisha wanafunzi wa chuo kikuu wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Ubongo wao ulionyesha udhaifu ule ule wakati wa kusoma, lakini Waitaliano, ambao lugha yao inaandikwa kama inavyotamkwa, walisoma vizuri kuliko wengine. Watafiti wa Kijerumani na Kifini wameona jambo hilo hilo: katika tahajia nyoofu mwenye disleksia hatimaye anasoma maneno kwa usahihi, ila polepole sana, na tahajia yake inabaki dhaifu. Hata tahajia nyoofu si jambo dogo kwa mtoto. Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walilionyesha hilo kwa Kiswahili katika utafiti waliouchapisha mwaka 2003. Sasa fikiria urefu wa maneno yetu. «Wasipotuandikia» ni neno moja lenye silabi nane. Anayelisoma silabi kwa silabi, akifika mwisho, «wasi» ya mwanzo imeshamtoka. Amesoma kila kitu na hakuelewa kitu. Mwalimu anayetafuta mtoto anayekosea herufi atampita huyu, kwa sababu hakosei. Dalili yake ni muda. Halafu anaingia kidato cha kwanza, lugha inakuwa Kiingereza ambacho tahajia yake haifuati sauti, naye anaporomoka, na shule inaandika kwamba tatizo ni Kiingereza.

Kutokana na yote haya, utaratibu ninaoutetea ni mfupi. Mwaka wa kwanza wafundishwe wote sauti na silabi kwa mpangilio, na kila mwezi mwalimu amsikilize kila mtoto kwa dakika moja akisoma maandishi mapya, aandike maneno mangapi yamesomwa sawasawa. Wanaobaki mkiani wapimwe kwanza macho na masikio. Chati ya herufi E ukutani na mnong'ono nyuma ya mgongo vinatosha kwa hatua ya mwanzo. Kisha wapewe nyongeza ya nusu saa katika kundi dogo, siku nne kwa wiki, muhula mmoja hadi miwili, kwa kurudia sauti, kuunganisha na kuandika. Daftari la mahudhurio liwekwe kando ya daftari la dakika moja. Wengi watavuka, na hao walikosa kufundishwa tu. Watakaohudhuria, wakafundishwa, wakaulizwa hadithi kwa mdomo wakaielewa, na bado mstari wao usipande, hao ndio wa kupelekwa kwa mtaalamu. Marekani, iliyotegemea kwa miaka mingi pengo kati ya kipimo cha akili na alama za darasani, iliruhusu katika sheria yake ya mwaka 2004 njia hii ya kuangalia mtoto anavyoitikia ufundishaji. Walichoka kusubiri hadi mtoto ashindwe vya kutosha ndipo astahili msaada. Sisi hatuna sababu ya kuanzia kwenye kosa walilokwisha kuliacha.

Pingamizi la kwanza ni la watu wanaoijua Manyara vizuri. Wanasema tatizo la watoto wetu ni njaa, umbali, utoro wa msimu wa kuvuna mbaazi na wa kuhamisha mifugo. Disleksia ni anasa ya wenye shibe. Sehemu ya kwanza ni kweli. Haydom, katika mkoa huu huu, ilikuwa moja ya vituo vya utafiti wa kimataifa wa MAL-ED uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa, na udumavu ulioonekana pale ulikuwa mkubwa. Hakuna anayebisha kwamba lishe duni inagusa ukuaji wa akili. Lakini njaa haizuii disleksia. Zinaweza kukaa ndani ya mtoto mmoja, na anayezibeba zote mbili ana mzigo zaidi wala si mdogo. Utaratibu wa kufundisha kwanza unalijibu pingamizi hili kuliko mtihani wowote, kwa kuwa unauliza mahudhurio kabla ya kuhukumu, na unampa nyongeza mwenye njaa, mtoro na mwenye disleksia bila kumtaka yeyote athibitishe anastahili. Kama kosa litakuwepo, litakuwa la kumfundisha zaidi mtoto asiye na ulemavu. Sijui mzazi atakayelalamikia kosa hilo.

La pili ni la jina. Mtoto akishaitwa mlemavu, wanasema, jina litamganda. Wenzake watamcheka, mzazi atakata tamaa, mwalimu atamwacha. Hofu hii nimeiona ikiwa na misingi, maana kitengo chenyewe kilikuwa tusi uwanjani. Lakini tukumbuke mtoto huyu hakai bila jina. Ana majina tayari, mzito, kilaza, kichwa maji, na hakuna hata moja kati ya hayo linalomwambia mwalimu la kufanya. Jina sahihi linaleta kazi: muda zaidi, maswali ya mdomo, maandishi yaliyogawanywa, kutomtaka asome kwa sauti mbele ya darasa bila kumwandaa. Na katika njia ninayoisema jina linakuja mwisho. Mtoto wa darasa la kwanza anayepewa nusu saa ya ziada hahitaji kuitwa chochote.

La tatu ni la walimu, nalo ndilo zito. Darasa lina watoto 80, wakati mwingine zaidi. Mwalimu aliyefunzwa elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, kule Arumeru, ni adimu, na anapopatikana hupelekwa kwenye kitengo. Tuipige hesabu. Watoto 80 kwa dakika mbili kila mmoja, pamoja na kuita na kuandika, ni dakika 160. Zikigawanywa kwa siku 20 za shule za mwezi ni watoto wanne na dakika nane kwa siku. Hilo linawezekana. Kinachoelemea ni kundi la nyongeza, na hapo sitadanganya kwamba mwalimu mmoja ataliweza peke yake. Litahitaji mwalimu mkuu kupanga ratiba, kumtumia mwalimu wa darasa la juu asiye na kipindi au kijana anayejitolea aliyefundishwa kazi hiyo tu. Zana nazo zinaanza kupatikana: watafiti wa Jyväskylä, Finland, waliowafuatilia watoto wa wazazi wenye disleksia tangu kuzaliwa, walitengeneza mchezo wa simu wa kuunganisha herufi na sauti, GraphoGame, na toleo la Kiswahili limejaribiwa Kenya na Tanzania. Mtaalamu wa Patandi basi asiwekwe mwanzoni mwa mstari kupima mji mzima. Awekwe mwishoni, awapokee wachache waliokwisha kufundishwa, aje na daftari lao mkononi.

La nne ni la haki katika mtihani: akiongezewa muda huyu, si atawapita wengine kwa upendeleo? Baraza la Mitihani limeshalijibu kwa wengine. Watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu hupewa nukta nundu na maandishi makubwa, na wenye mahitaji maalumu huongezewa muda, na hakuna anayeona ni hila. Tangazo la kila mwaka huwataja wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa akili na wa viungo. Kama somo linalopimwa ni Historia au Sayansi, kasi ya kusoma swali haimo katika kinachopimwa. Ila naelewa kwa nini Baraza lolote litasita: bila ushahidi, kila mzazi mwenye uwezo atatafuta cheti. Ushahidi bora zaidi dhidi ya udanganyifu huo ni kumbukumbu ya miaka, iliyoandikwa na walimu tofauti tangu darasa la kwanza, ikionyesha msaada uliotolewa na mstari ambao haukupanda. Cheti cha siku moja kinanunulika. Daftari la miaka sita ni gumu kulighushi.

Watoto watakaoingia kidato cha kwanza Januari 2028 wamekwisha kupita madarasa ya KKK, na kwao kazi iliyobaki ni ya kuwakomboa waliosahaulika kabla mlango wa Kiingereza haujafunguliwa. Kwa walio darasa la kwanza leo nafasi bado ipo nzima. Zamani mchujo ulimwondoa mtoto huyu kabla hatujalazimika kumwelewa. Sera ya miaka kumi inamwacha mbele yetu, na kama hatutamfundisha tutakuwa tumerefusha adhabu yake kwa miaka mitatu. Halmashauri ya Mji wa Babati itakuwa na vikao vingi vya kuhesabu vyumba na madawati. Katika kikao hicho hicho kila mwalimu mkuu asome takwimu nyingine tatu: watoto wangapi walisikilizwa mmoja mmoja mwezi huu, wangapi walipewa nyongeza wakavuka, na wangapi walifundishwa muhula mzima, wakahudhuria, na hawakusogea. Namba ya tatu ndiyo orodha ya ulemavu mahususi wa kujifunza katika mji huu. Haitapatikana mpaka mbili za kwanza ziwe na watu wa kuzisoma.